Kamba Iliyoelea

Maiti ilikohoa.

Inspekta alikuwa ameshapiga goti kando yake, glavu mikononi, miwani puani, tayari kutafuta jeraha. Simu iliyomtoa ofisini haikuwa na utata: mzamiaji ameuawa gatini, njooni na gari la maiti. Sasa maiti hiyo hiyo ilikuwa inatapika maji ya chumvi juu ya viatu vyake vipya.

"Huyu yu hai!" Inspekta alipaza sauti. "Koplo! Gari la wagonjwa, haraka! Nani alisema amekufa?"

"Wote, afande," Koplo alijibu huku akitoa simu. "Kwa kauli moja."

Hao wote walirudi nyuma kidogo, wamenuna. Watu wakishaanza kulia msiba hawapendi kunyang'anywa.

Gari lilikuwa bado njiani, na Inspekta hakukaa bure. Aliyelala pale ndani ya vazi jeusi la mpira aliitwa Nguva na watu wa gatini, maana maisha yake yalikuwa chini ya maji: kukagua minyororo, kuokota nanga zilizopotea, kufundisha wanafunzi kuzamia. Jeraha la kisu hakuna. La risasi hakuna. Kulikuwa na uvimbe utosini, na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto mchubuko uliozunguka mkono mzima, wenye mistari ya mshazari. Ndani ya mchubuko zilinasa nyuzi mbili tatu za manjano. Inspekta alizitoa kwa kibanio na kuzitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Pembeni, wapagazi wawili walikuwa wamemkaba dereva wa boti ya abiria. Jina lake la kazi lilikuwa Spidi, na alilistahili. Mpagazi mmoja alikuwa ameinua kisu juu kila mtu akione.

"Muuaji huyu hapa, afande! Tumemkuta na kisu!"

"Bado hajaua mtu," Inspekta alisema. "Spidi, kisu cha nini?"

"Nilikuwa nakata kamba! Nilikuwa namwokoa!"

"Mnasikia? Kakata kamba! Kakiri mwenyewe!"

Umati ulinguruma. Kila mmoja alikumbuka kilichotokea wiki iliyopita, siku Spidi alipogombana na Nguva hapo hapo gatini, akamwambia mbele ya watu: "Hilo boya lako siku moja nitalipitia juu, na wewe ukiwa chini yake." Maneno kama hayo ni mepesi kuyatoa na mazito kuyameza.

Boya lenyewe lilikuwa limeegemezwa kwenye ngazi. Lilikuwa la rangi ya chungwa, na juu yake ilisimama bendera nyekundu iliyokatwa na mstari mweupe wa mshazari. Bendera hiyo huwaambia wenye boti kwamba kuna mtu chini ya maji, wakae mbali. Mzamiaji hulivuta boya hilo kwa kamba popote anapokwenda. Inspekta aligeuza boya na kutazama pete ya chini. Ilikuwa tupu. Hapakuwa hata na kipande kilichobaki. Kamba haikukatwa pale. Ilifunguliwa na mikono ya mtu.

"Kamba ya boya iko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Inspekta alisimama, akakunja uso.

"Viatu vinakubana, afande," Koplo alinong'ona.

"Haviwezi kunibana. Ni zawadi ya mama mkwe."

Koplo alivitazama viatu, kisha akaenda kuwatawanya watu.

*

Asubuhi iliyofuata Spidi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, macho mekundu, shati halina kifungo kimoja.

"Ulipita juu ya boya?"

"Sikupita, afande."

"Ulipita umbali gani?"

"Mbali. Kama kutoka hapa mpaka ile barabara. Niliiona bendera, nikaizunguka."

"Wiki iliyopita ulimtishia."

"Nilikuwa na hasira. Alinirushia kopo mbele ya abiria."

"Halafu?"

"Halafu injini ikakaba. Nikajua nimenasa kitu. Nikatazama nyuma, naona boya linakuja mbio kwangu lenyewe! Boya halina injini, afande. Kisha kichwa cha mtu kikagonga ubavu wa boti. Nikachukua kisu, nikakata, nikamvuta. Hayo ndiyo makosa yangu."

"Kamba ilikuwa ya rangi gani?"

"Sijui. Nilikuwa naangalia mtu."

"Nani mwingine aliona?"

Spidi alifikiri. "Kulikuwa na mama mmoja kwenye ngazi. Ana mwavuli. Simjui."

Alijifuta uso kwa kiganja. "Mke wangu aliniletea chakula jana. Unajua kaniambia nini? Hakuniuliza kama nimefanya. Kaniuliza kwa nini nimefanya. Mimi na yeye miaka kumi na tisa, afande."

Inspekta alimsogezea glasi ya maji, akatoka na maswali zaidi ya aliyoingia nayo.

Mkuu wa kituo, kwa upande wake, alikuwa na majibu ya kutosha kugawia mtaa. "Ana sababu, ana kisu, ana boti," alisema. "Kesho asubuhi jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Jaribio la kuua. Na huyo mzamiaji akifa, tunabadilisha neno moja tu."

"Nipe leo yote, afande."

"Leo ni yako. Kesho ni ya mahakama."

*

Hospitalini, daktari alimwonyesha Inspekta chumba cha chuma chenye dirisha dogo la duara. Ndani yake Nguva alikuwa amelala chini ya shinikizo la hewa, akirudishwa polepole kama alivyopaswa kupanda toka chini ya maji.

"Alivutwa juu ghafla," daktari alisema. "Kutoka kina kile, mapafu hayasamehe. Akizinduka leo, nitashukuru. Asipozinduka..." Akatikisa kichwa.

"Na mkono?"

"Kamba nene, ngumu, ya kusokotwa. Ilimnyonga kifundo."

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mke wa Nguva, msusi, siku zake za kujifungua zimekaribia. Alikuwa ameshika shati la mumewe kana kwamba kuna mtu ndani.

"Mumeo ana maadui?"

"Mume wangu? Anaomba radhi hata akikanyaga kivuli cha mtu." Kisha akasita. "Adui yake pekee ni mama yangu. Hakutaka niolewe na mzamiaji. Siku ya arusi alisema mbele ya wageni, heri angenioza kwa papa, maana papa anajulikana ana meno. Miaka miwili hajamwita mkwe wake jina lolote. Hata jana hakuja hapa. Nimempigia, kasema hajisikii vizuri."

Inspekta aliyaweka maneno hayo akiba. Hakuyapenda.

Toka hospitali alikwenda gatini. Koplo alikuwa amefungua begi la Nguva na kutandaza vitu juu ya turubai la polisi: miwani ya kuzamia, viatu vya mapezi, taulo. Na rili, lile gurudumu dogo la kuzungushia kamba. Kamba yake ilikuwa nyeusi, nyembamba, imezungushwa safi bila mzunguko kupandana. Inspekta aliigusa. Akaigusa tena.

"Koplo, hii ilianikwa?"

"Hapana, afande. Ilikuwa ndani ya begi, imefungiwa."

"Basi mbona ni kavu?"

Koplo alikuna kichwa. Rili ilikuwa kavu kabisa, hata chumvi haikuwa nayo. Nguva alikuwa amezama na kuiacha kamba yake mwenyewe begini.

"Twende kwenye boti," Inspekta alisema, ingawa alikuwa mtu asiyependa boti hata ikiwa imefungwa.

Boti ya Spidi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Kwenye pangaboi, panga zile zinazozunguka nyuma ya injini, kulikuwa na bonge la uchafu wa manjano. Koplo alitaka kulichomoa na kulitupa apate kuona vizuri.

"Gusa uone!" Inspekta alimkaripia.

Walilifumua pole pole. Ilikuwa kamba nene ya plastiki, ya kusokotwa, nyuzi zake zikifanana kabisa na zile zilizotoka kwenye mchubuko. Upande mmoja ulikatwa kwa kisu, kama Spidi alivyosema. Ncha ya upande wa pili ilikuwa nzima, imefungwa kwa uzi mwekundu uliopakwa nta, mizunguko iliyobanana, kazi nadhifu sana. Inspekta aliitazama muda mrefu. Mtu aliyefanya hivyo aliipenda kazi yake.

*

Duka la vifaa vya uzamiaji lilikuwa hatua chache toka gatini, na mwenye duka aliitwa Bwana Oksijeni. Jina hilo alilichukia, kwa sababu mitungi yake ilijaa hewa ya kawaida na alishachoka kuwaeleza watu. Inspekta aliweka kamba ya manjano juu ya kaunta.

"Hii umeuza wewe?"

"Mimi?" Bwana Oksijeni aliruka kana kwamba amewekewa panya. "Mungu apishe mbali. Hiyo ni ya kufungia mizigo."

"Ina kosa gani? Naona ni imara."

"Ni imara mno, afande, na huo ndio ubaya wake. Kamba ya boya haibebi mtu. Inavuta boya tu. Inatakiwa nyembamba, mkondo usiishike. Iwe ya kufumwa, maana ya kusokotwa hujikunja ikajipiga mafundo. Iingie kwenye rili, uitoe kadiri unavyoshuka na kuikusanya unavyopanda, isibaki ya ziada. Na unaishika tu mkononi, huizungushi mwilini. Boti ikiinasa, unaachia, inakwenda zake, unabaki na roho yako."

"Nguva anayajua hayo?"

"Anayafundisha! Nguva huchagua kamba kama bibi anavyochagua mchele. Hata punje moja haimpiti."

"Jana ulimwona?"

"Alitoka hapa na rili yake begini. Kwa macho yangu."

"Na kwa nini alizama peke yake?"

Bwana Oksijeni aliinamisha kichwa. "Nilipaswa kuwa naye. Nilikuwa na mteja. Nikamwambia nisubiri, akasema ni mnyororo mmoja tu, mita kumi na mbili, atarudi kabla sijafunga mlango." Akavuta pumzi. "Sijalala, afande. Usidhani wewe peke yako unayemtafuta mkosaji."

Inspekta aliondoka na kipande cha kamba nyeusi alichopewa. Kituoni, aliagiza beseni la maji. Koplo alileta lile la kufulia, akidhani afande anataka kuloweka miguu, na wala asingemlaumu.

Inspekta aliangusha kamba nyeusi. Ikazama mpaka chini, ikatulia. Akaangusha ya manjano. Ikarudi juu, ikajinyoosha juu ya maji kama nyoka anayeota jua.

"Inaelea," Koplo alisema.

"Inaelea. Sasa fikiri. Mtu yuko chini mita kumi na mbili, na kamba yake ni ndefu mara mbili au tatu ya hapo. Haiingii kwenye rili. Ile ya ziada inakwenda wapi?"

Koplo alitazama beseni. Macho yake yakapanuka. "Inalala juu ya maji. Mbali na boya."

"Na dereva anayekaa mbali na boya?"

"Anapita juu ya kamba! Afande, Spidi anasema kweli!"

"Anasema kweli," Inspekta alisema. Lakini alijua Mkuu wa kituo hatamwachia mtu kwa sababu ya beseni. Alihitaji mwenye kamba. Nani aliifungua kutoka kwenye boya na kuificha? Na kwa nini mzamiaji bingwa, mwenye kamba nzuri begini, ashuke na kamba ambayo angemkataza mwanafunzi wake wa siku ya kwanza?

Alitoka nje kupunga upepo. Aliketi kwenye ngazi za kituo, akavua kiatu kimoja, akakisugua kidole gumba kilichovimba. Nyumbani alikuwa na viatu vyake vya zamani, laini kama mkate. Lakini mama mkwe amekuja kukaa wiki mbili, na kila asubuhi husimama mlangoni kumtazama mkwe wake akitoka.

Mkono wake ulisimama juu ya kidole.

Unajua kabisa hakikufai. Unacho kizuri zaidi. Lakini aliyekupa amesimama anakutazama.

"Mama mwenye mwavuli," Inspekta alisema kwa sauti.

Mbele yake lilikuwa limeegeshwa lori la polisi, mzigo wake umefunikwa turubai. Turubai lilifungwa kwa kamba za manjano. Inspekta aliruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye lori, akashika ncha ya kamba. Uzi mwekundu. Nta. Mizunguko iliyobanana.

"Hili turubai kashona nani?" alimuuliza dereva wa lori.

"Mama Turubai, afande. Karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Kila kamba anaivika kofia nyekundu, halafu anakwambia haifumuki mpaka Kiama."

*

Karakana ya Mama Turubai ilinuka nta na mpira. Cherehani yake ilikuwa na sindano nene kama msumari, na ukutani zilining'inia kamba za manjano, kubwa kwa ndogo. Pembezoni ulisimama mwavuli. Juu ya rundo la maturubai alikaa mwanamke mjamzito ameshika shati la kiume. Inspekta na mke wa Nguva walitazamana.

"Afande? Umejuaje nipo kwa mama?"

"Sikujua," Inspekta alisema. Akamgeukia mwenye karakana, mama wa miaka sitini hivi, mikono yake mipana, macho yake hayajaona usingizi. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Inspekta aliweka kipande cha kamba juu ya meza ya cherehani. Mama Turubai alikitazama, akaigusa ile kofia nyekundu kwa kidole.

"Kazi yako?"

"Yangu."

"Kipande kilichobaki kiko wapi?"

Mama Turubai alinyoosha mkono kuelekea binti yake. "Kakikalia."

Binti aliinuka taratibu. Koplo aliinua maturubai. Chini yake ilikuwa kamba ya manjano imekunjwa vizuri, bado na unyevu, ina harufu ya bahari.

"Mama," binti alisema. "Mama, umefanya nini?"

"Kaa, mwanangu, utaanguka."

"Sikai! Ulimfanya nini mume wangu?"

"Mwache aseme," Inspekta alisema. "Mama, hulazimiki kusema. Ukisema, tutaandika."

"Nitasema. Nimechoka kukaa nalo." Mama Turubai alijishika ukingo wa meza. "Mwezi uliopita nilikwenda kwa huyu, nikakuta kile kigurudumu mezani. Nikavuta ile kamba. Uzi! Baba wa mjukuu wangu ananing'inia baharini kwa uzi wa kushonea viatu! Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Nikasema, mimi nafunga malori, mizigo inakwenda nchi za watu na kurudi haijacheza. Nitashindwa kumfunga mtoto mmoja? Nikachagua kamba bora kuliko zote nilizonazo. Nikaivika kofia. Jana nikaipeleka gatini mwenyewe."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia: Mwanangu, shika hii. Miaka miwili sikuwahi kumwita hivyo. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama, akanitazama. Akasema: Asante, Mama. Akaifunga pale pale mbele yangu, kile kigurudumu akakirudisha begini. Nikabaki kwenye ngazi, nimtazame akirudi."

Koplo aliacha kuandika.

"Boti ilipita mbali, afande. Dereva hana kosa. Niliona kamba yangu ikikimbia juu ya maji. Niliona ikimleta. Walipomlaza chini nilifungua fundo. Sijui kwa nini, mikono ilifungua yenyewe. Kisha watu wakaanza kusema dereva kamuua, nami nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Nani angeniamini?" Alimtazama binti yake. "Mtaa mzima unajua nilichosema siku ya arusi. Wewe ungeniamini? Ungesema mama kamtengenezea kitanzi. Ningekupoteza wewe na mjukuu kwa siku moja."

Binti alifungua mdomo. Simu yake ikalia.

Aliipokea. Akasikiliza. Akajishika tumbo, akakaa chini juu ya maturubai, machozi yakamtoka kama bomba lililopasuka.

"Kazinduka," alisema. "Kazinduka! Daktari anasema anaongea."

"Anasema nini?" Mama Turubai aliuliza.

Binti alisikiliza tena. Akaanza kucheka huku analia. "Anasema... anasema mwambieni Mama kamba yake ni imara. Haikukatika."

Mama Turubai aliketi sakafuni, akajifunika uso kwa mikono yake mipana, akalia kwa sauti bila kuona aibu. Binti alijiburuza mpaka alipo, akamkumbatia. Koplo alijifanya anatafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Hata Inspekta alilazimika kufuta miwani.

"Mama," alisema baadaye, "kumpa mkwe kamba si jinai. Kuficha kielelezo na kumwacha mtu ndani kwa kosa lisilo lake, hilo tutaliandika. Utatoa maelezo, na Mkuu wangu ataamua. Lakini kwanza unakuja na mimi."

"Wapi?"

"Kwa Spidi. Utamwambia mwenyewe."

*

Mkuu wa kituo alisoma maelezo mara mbili, akatazama beseni, akatazama kamba, akamtazama mama aliyesimama mbele yake ameinamisha kichwa. Alimpa onyo refu, la sauti kubwa, lililoishia kwa kumwomba akatazame turubai la gari lake mwenyewe, maana lilikuwa linavuja.

Spidi alitoka mahabusu akiwa ameshika viatu mkononi. Mama Turubai alimwambia yote, hakupunguza kitu. Spidi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema mwishowe, "huko ndani nilijiapiza aliyeniponza nitamtukana matusi ambayo hayajatungwa. Sasa nimekuona, yote yameniishia."

"Yako yameisha, yangu bado," alisema mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la chakula. "Nani alikutuma utishie watu gatini? Mdomo wako ndio uliokufunga!" Kisha akaliweka bakuli chini, akamkumbatia mumewe kwa nguvu mpaka viatu vikamwanguka. "Nisamehe," alimwambia shingoni. "Nilipaswa kukuuliza vingine."

Nguva alitoa maelezo yake akiwa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji.

"Ulijua ile kamba ni mbaya?" Inspekta aliuliza.

"Niliijua kabla hajanikabidhi."

"Haikuingia kwenye rili."

"Haikuingia. Ikabidi niizungushe mkononi. Nikajiambia ni muda mfupi tu."

"Wewe unawafundisha watu. Kwa nini?"

Nguva alimtazama. "Afande, una mama mkwe?"

Inspekta aliitazama miguu yake. "Ninaye."

"Basi kwa nini unaniuliza?"

Inspekta alifunga jalada. Alikuwa ameona watu wakiuana kwa wivu, kwa shamba, kwa neno moja la ulevi. Mtu kuponea chupuchupu kwa sababu ya adabu, hiyo ilikuwa mpya. Jioni hiyo alirudi nyumbani, akavivua viatu mbele ya mama mkwe na kumwonyesha kidole. Yule bibi alipiga kofi paja lake. "Mbona hukusema, mwanangu? Mimi mwenyewe nilikuwa nakuonea huruma unavyochechemea, nikadhani ndivyo mnavyotembea polisi!"

*

Mjukuu alipotimiza siku arubaini, Nguva alirudi gatini. Daktari alikuwa amemruhusu kushuka kina kidogo tu. Inspekta alipita pale akitoka kazini, amevaa viatu vyake vya zamani, akasimama kutazama. Bwana Oksijeni alikuwa tayari ndani ya vazi lake la mpira. Siku hizi hakubali mteja amcheleweshe. Mke wa Nguva alikuwa na mtoto begani.

Mama Turubai alishuka ngazi akitoka dukani kwa Bwana Oksijeni. Mkononi alikuwa na rili mpya. Kamba ilikuwa nyeusi, nyembamba, ya kufumwa, na ncha yake ilivikwa kofia ndogo nyekundu.

"Nimechagua mwenyewe," alisema. "Niliuliza maswali mpaka mwenye duka akaomba maji. Shika."

Nguva aliipokea kwa mikono miwili. Akaizungusha rili, akavuta kamba, akaipima kwa macho. Akamtazama mkewe.

"Sema ukweli, mwanangu," Mama Turubai alisema. "Inafaa?"

Nguva aliinua macho toka kwenye rili.

"Haifai, Mama. Ni fupi."

Mama Turubai alitupa kichwa nyuma akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtiririka.

"Fupi!" aliwapigia kelele wapagazi. "Mmesikia? Mkwe wangu kasema ni fupi!" Akamgeukia Spidi, aliyekuwa amezima injini mbali kabisa na gati, amesimama juu ya boti yake akitazama maji huku na huku asije akakanyaga kitu. "Spidi! Kasema ni fupi!"

"Hongera, Mama!" Spidi alijibu kutoka kule kule.

Mama Turubai alimnyang'anya mkwe wake ile rili, akapanda ngazi kurudi dukani kuchukua ndefu zaidi. Safari hii Nguva alimfuata.